Eda ya Mke wa Mchinjaji

Mwanamke aliyefiwa na mumewe huitwa mjane. Aliyeachwa huitwa mtalaka. Lakini yule ambaye mume wake alitoka asubuhi kwenda kununua chumvi, akachukuliwa njiani, na tangu hapo hakuna aliyemwona akiwa hai wala aliyemzika, yeye anaitwaje? Waulize watu wa Wanyange, kando ya ziwa pale Jinja, watakuna vichwa. Jina hakuna. Kwa hiyo Rahmah aliitwa Mama Bruhan tu, miaka nenda miaka rudi, na kila alipoulizwa kama ana mume alijibu bila kusita, "Mimi ni mke wa mtu."

Pale ufukweni mwa ziwa, ambako wanawake hutandaza mukene, wale dagaa wadogo, juu ya nyavu kuukuu ili wakauke, mzaha wa jambo hilo haukuisha.

"Mama Bruhan, mumeo yuko wapi?"

"Alikwenda dukani."

"Yarabi! Hilo duka liko Maka?"

Wanacheka, naye anacheka nao, huku mikono yake inaendelea kugeuza dagaa. Ungemwona ungesema huyu mama hana shida duniani. Kumbe mtu anaweza kucheka na wenzake huku amebeba mzigo ambao hajautua chini tangu akiwa msichana.

Mzigo wenyewe ni huu: Rahmah hakuwahi kukaa eda.

Kwa Waislamu, mwanamke akifiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo, haolewi. Wako wanaoiona eda kama kifungo. Rahmah aliionea wivu. Aliwatazama wajane wa mtaani wakiketi mkekani, wakipikiwa uji, wakishikwa mkono na kila anayeingia. Halafu siku ya kutoka wanaoga, wanavaa nguo nyingine, na maisha yanaendelea, hata kama yanachechemea. Yeye hakuna aliyemwambia kaa. Angekaaje eda ya mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa?

Masheikh walimpa njia. Walimweleza, alipokuwa bado kijana, kwamba mtu akipotea miaka minne kadhi anaweza kuhukumu kuwa amekufa, na mkewe akakaa eda yake akawa huru.

"Ahukumu kwa maombi ya nani?" Rahmah aliuliza.

"Kwa maombi yako wewe, binti yangu."

"Basi mimi ndiye nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Sitaki."

Habib, aliyekuwa na duka la nyavu pale Wanyange, alikuja kumposa akiwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Akakataliwa. Akarudi mwaka uliofuata.

"Mimi ni mke wa mtu, Habib."

"Mtu gani, Rahmah? Wewe umeolewa na njia. Kutwa unaitazama."

Habib akaoa kwingine, akapata watoto, akazeeka, akafa. Siku ya hitima yake Rahmah ndiye aliyemenya vitunguu, na waliomwona walisema vitunguu vya siku ile vilikuwa vikali kupita kiasi.

Sasa turudi nyuma, maana bila Busiu hakuna atakayeelewa.

Busiu ni senta ya barabarani, ukitoka Mbale kwenda Tororo: mahindi, migomba, vibanda viwili vitatu na watu wanaojuana mpaka majina ya mbuzi. Rahmah alipelekwa huko akiwa bibi harusi, kutoka Mbale mjini. Mumewe, Magid, alikuwa mchinjaji. Nchi yetu ina desturi ambayo wageni huishangaa: Waislamu si wengi, lakini ng'ombe wa buchani, karibu kila mahali, huchinjwa na Mwislamu, ili nyama iweze kuliwa na kila mtu, wa msikitini na wa kanisani. Hakuna aliyewalazimisha. Watu walikubaliana tu, zamani, kwamba sahani isiwatenganishe.

Magid alikuwa na adabu za kazi yake. Hakunoa kisu mbele ya mnyama. Hakuchinja ng'ombe mmoja mbele ya mwenzake. Kisu alikificha nyuma ya paja mpaka dakika ya mwisho. Rahmah alipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alisema, "Ng'ombe naye ana macho."

Krismasi ndiyo ilikuwa sikukuu yake kubwa! Tangu alfajiri watu wa kanisani walipanga mstari mlangoni kwake, kila mmoja na jogoo kwapani. Mbele ya mstari hakukosa kuwapo Yekosofati, jirani mwenye shamba la migomba, mtu wa maneno mengi.

"Magid, huyu jogoo wangu ni mlokole. Usimsomee Kiarabu kirefu."

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Akifika mezani kwako atakuwa amesharudi kanisani."

Watu wakacheka mpaka majogoo nao wakawika. Ndivyo walivyoishi.

Nchi wakati huo ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Siku moja lori la kambi lilisimama mbele ya nyumba ya Magid. Mchinjaji wa kambini alikuwa ametoroka, na askari walikuwa wa dini zote kama watu wengine, lazima nyama iwe ya wote.

"Wewe ndio Magid ya kuchinja?" askari akauliza kutoka juu.

"Ndiyo mimi, afande."

"Panda."

"Afande, hapa nina kazi ya watu."

"Kazi gani inashinda ya serikali? Wewe panda!"

Akapanda. Tangu hapo lori likawa linamfuata kila Jumamosi. Hakuombwa, hakuandikwa, hakulipwa hata senti. Alipewa utumbo na kichwa cha ng'ombe ndani ya gunia. Jioni lori lilimshusha barabarani, kanzu yake ya kazi imelowa damu, gunia linadondoka, kisu kimefungwa kitambaani. Na ili afike nyumbani salama aliwachekea wale madereva, akawajibu kwa Kiswahili chao cha kambini. Siku zile Busiu, mtu akisikia Kiswahili barabarani alijua kuna atakayepigwa. Majirani walichungulia kutoka migombani, wakasikia kicheko cha Magid. Hofu yake hawakuisikia. Hofu haina sauti.

Kisha watu wakaanza kuchukuliwa. Mafabi, mdogo wake Yekosofati, mwalimu wa shule ya msingi, alisema neno moja mkutanoni kuhusu bei ya sukari. Akapelekwa kambini. Ndugu zake walienda getini wakafukuzwa, wakaenda tena wakafukuzwa tena. Na kila Jumamosi walimwona nani akiingia mle na kisu, akitoka na damu?

Hebu fikiria. Mtu ana ndugu yake ndani ya ukuta, hajui anafanywa nini, halafu anamwona jirani yake akitoka ndani ya ukuta huohuo na nguo zimelowa. Akili ya mtu mwenye uchungu haihitaji kusukumwa.

Rahmah aliona mambo yakibadilika, lakini hakujua yanakwenda wapi. Desturi yake ilikuwa kumpelekea Nambozo, mke wa Yekosofati, bakuli la utumbo. Wiki moja Nambozo alilirudisha kama lilivyokwenda, limefunikwa.

"Hamli tena utumbo, dada?"

"Tunafunga," Nambozo akasema, naye macho yako chini.

Jumamosi nyingine Magid alirudi, gunia halina ini.

"Ini liko wapi?" Rahmah akauliza.

"Nimeliacha."

"Umemwachia nani?"

"Pika kilichopo, mama." Akaenda kuoga, akaoga muda mrefu. Rahmah hakuuliza tena.

Halafu serikali ikaanguka.

Vitabu vya shule husema serikali hii ikatoka, nyingine ikaingia, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Kumbe katikati pana siku. Wakubwa wa kambi wamekimbia, wapya bado wako njiani, na bunduki ziko mikononi mwa yeyote aliyeziokota. Watu walicheza ngoma barabarani kwa furaha, na mtu aliyekuwa na deni la moyoni alikwenda kulidai.

Asubuhi moja ya siku hizo Magid alisema anakwenda kununua chumvi. Bruhan alikuwa bado ananyonya. Rahmah alisikia kelele za ngoma, akadhani ni furaha ileile ya jana. Kelele zilipopungua, Nambozo alipita nje ya ua bila kusimama, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na miguu yake, "Mama Bruhan, wamemchukua. Wamekwenda naye upande wa Tororo."

Rahmah alikimbia na mtoto mgongoni mpaka kanga ikamfunguka. Barabara ilikuwa tupu. Aliporudi, mawe yalianza kuanguka juu ya bati. Kabla jua halijageuka alikuwa ameondoka na bunda la nguo, kwenda Jinja kwa shangazi yake, na hapo Wanyange ndipo alipobaki.

Nchi ikatulia. Serikali mpya ikaunda tume ya kusikiliza watu walioteswa na waliopotelewa. Ilipofika Jinja, Rahmah alivaa nguo yake nzuri akaenda. Karani alikuwa kijana mpole.

"Mumeo alichukuliwa lini, mama?"

"Ile serikali ilikuwa imekwisha kuanguka. Hii nyingine ilikuwa haijakaa."

Karani akaweka kalamu chini. "Sisi tumeambiwa tusikilize ya serikali zilizopita. Siku hiyo ile ilikuwa imetoka."

"Basi ni ya hii mpya."

"Hii mpya ilikuwa haijaingia, mama."

"Sasa mume wangu alichukuliwa wakati wa serikali gani, mwanangu?"

Yule karani alimletea kiti. Akamletea na maji. Alikuwa na huruma kweli, ila huruma si jibu. Rahmah alikunywa maji, akashukuru, akarudi kwa dagaa wake. Miaka ikapita juu ya kichwa chake kama maji ya Nile yanavyopita chini ya daraja la Jinja, hayaulizi mtu.

Bruhan alikua, akawa fundi wa bodaboda, akaoa. Shuleni watoto walikuwa wakimuuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" na yeye anajibu, "Mchinjaji," kana kwamba baba yuko kazini. Ndiye aliyesikia habari redioni, karakana yake ikiwa imejaa moshi: mawakili wa haki za binadamu wanasikiliza watu Mbale, katika ukumbi mmoja wa Nkoma. Wanasikiliza kila aliyepotelewa na mtu, wa serikali yoyote, wa siku yoyote.

"Siku yoyote?" Rahmah akauliza.

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Hata zile za katikati?"

"Mama, siku ni siku. Twende."

"Mimi sitaki fidia, Bruhan. Usije ukaniaibisha huko kwa kuuliza fidia. Nataka mtu aniambie kafa au hajafa, basi."

Walifika Nkoma asubuhi, Bruhan akiwa mbele juu ya bodaboda ya kukodi na mama yake nyuma juu ya nyingine, ameshika mtandio kwa meno. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na watu wazima wengi walionyamaza. Aliyeongoza alikuwa wakili aitwaye Milly, binti mwenye nywele za kusuka na sauti ya taratibu. Aliwaeleza kwamba hapa si mahakamani, hakuna atakayefungwa. Kila mtu aseme anachokijua, na aliyeketi asimkate anayesema.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mzee wa fimbo. Rahmah hakumtambua. Uso ulikuwa umekunjamana kama karatasi ya kufungia sukari. Lakini alipofungua mdomo, Rahmah alishika ukingo wa kiti. Sauti haizeeki sana. Alikuwa Yekosofati.

Yekosofati alisimulia habari za Mafabi: neno lile la sukari, geti la kambi, mama yao aliyekufa akiwa bado anamwekea mwanawe chakula. Watu walitikisa vichwa. Hata Rahmah alilia, maana Mafabi alimfahamu, alikuwa kijana wa kupenda mpira.

"Pole sana, mzee," Milly akasema. "Unajua nani alimuua?"

"Najua. Kambini walikuwa na mchinjaji wao. Alikuwa jirani yangu. Kila Jumamosi alikwenda na kisu, anarudi na damu mpaka magotini. Tulimwona kwa macho."

Ukumbi ukanung'unika.

"Na huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Hayuko." Yekosofati alinyoosha mgongo. "Serikali ilipoanguka tulimkamata sisi wenyewe. Tukampeleka kwa vijana wenye bunduki pale daraja la Manafwa. Wakamsimamisha ukingoni, wakampiga risasi, akaanguka majini. Nilimwona akienda na maji. Ile siku, binti yangu, ndiyo nililala usingizi, mara ya kwanza tangu Mafabi achukuliwe."

"Aliitwa nani?"

"Magid."

Bruhan aliruka kutoka kitini, kiti kikaanguka. Rahmah alimvuta shati.

"Kaa."

"Mama, umesikia anachosema?"

"Nimesikia. Kaa chini."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu maneno mapya kinywani, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Maneno hayo Mwislamu huyasema dakika ileile habari ya kifo inapomfikia. Rahmah alikuwa amewasemea watu wengi. Kwa Magid hakuwahi.

Milly aliona. Alitaka kusimamisha kikao, akaagiza maji, akauliza kama mama angependa kwenda nyumbani. Rahmah akasema hapana, zamu yangu itafika. Na ilipofika alikwenda mbele, akavuta kiti, akaketi akimtazama Yekosofati na si wakili.

"Mzee Yekosofati. Mimi ni Rahmah. Mke wa Magid."

Fimbo ya mzee iligonga sakafu.

"Nilikuja kuuliza kama mume wangu amekufa. Umeshanijibu, asante. Sasa nami nina la kukuambia. Kambini kulikuwa na ng'ombe. Askari mia kadhaa wanakula nini? Walimchukua Magid awachinjie, kwa sababu ileile iliyokufanya wewe usimame mlangoni kwetu na jogoo kila Krismasi. Ile damu ilikuwa ya ng'ombe. Utumbo wake niliupika mimi, na kabla hamjaanza kufunga uliula."

"Watu walisema..." Yekosofati akaanza.

"Watu walisema. Wewe ulimuuliza?"

Yekosofati akaikamata fimbo kwa mikono miwili.

"Mlipokuwa mnakwenda naye darajani, mwendo wote ule, hakuna aliyemuuliza?"

"Alikuwa anasema," Yekosofati akajibu polepole. "Alikuwa anasema ng'ombe, ng'ombe. Tulidhani anatutukana."

Rahmah alifunga macho. Alifikiria lile ini. Pengine Magid alimwachia askari. Pengine alilipitisha kwenye dirisha la watu waliofungwa, na pengine Mafabi alikuwa mmoja wao. Ilikuwa rahisi sana kuisema hadithi hiyo, na ukumbi mzima ungelia. Lakini hakuijua. Aliyekuja kuomba ukweli hawezi kuacha uongo mlangoni, hata uongo mtamu. Akanyamaza.

Ndipo Yekosofati akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtoto.

"Basi kama si yeye, Mama Bruhan, ndugu yangu aliuawa na nani?"

Rahmah hakujua. Milly alitazama watu, watu wakatazama miguu yao. Miaka yote hiyo yule mzee alikuwa na jibu, hata kama lilikuwa la uongo lilimpa usingizi, sasa amenyang'anywa. Alibaki amesimama na fimbo yake, mdomo wazi, na mtu mmoja akamshika mkono akamketisha.

Walipotoka nje, mzee alikuwa ameinama kwenye ngazi. Rahmah alisimama karibu naye. Bruhan alikuwa tayari kwenye bodaboda, hataki hata kumtazama.

"Nikuombe msamaha kwa maneno gani?" Yekosofati akasema.

"Leo usiniombe, mzee. Leo sina kitu cha kumpa mtu."

Akapanda bodaboda wakaondoka. Wakiwa bado hawajatoka Mbale, Bruhan aliuliza kama waende darajani, si mbali. Rahmah akasema maji aliyoanguka Magid yamefika mbali zamani, wataona maji mengine.

Kilichokuwa akilini mwake ni kimoja. Hata kabla ya kufika Wanyange alishapanga: chumba cha nyuma, mkeka, ile nguo nyeupe isiyo na maua. Dagaa atauza mke wa Bruhan. Miezi minne na siku kumi. Alijisikia, hebu sikia ajabu hii, kama mtu anayekaribia kufika nyumbani.

Asubuhi yake alimwita Sheikh Isa, imamu wa msikiti wao. Ni kijana, umri wa kuwa mjukuu wake, amesoma sana, na hapendi kusema jambo asilokuwa na hakika nalo. Alisikiliza yote, akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Tutamswalia, mama. Swala ya maiti asiyekuwepo. Ijumaa hii, msikiti mzima."

"Alhamdulillahi. Na eda yangu, sheikh, naihesabu kuanzia leo au kuanzia jana nilipopata habari?"

Sheikh Isa aliomba maji kwanza. Akanywa kidogo.

"Mama yangu, eda ya mjane haihesabiwi kuanzia siku aliyopata habari. Wanazuoni wengi wamesema inahesabiwa kuanzia siku aliyokufa mume."

"Ndiyo. Halafu?"

"Halafu... yako iliisha. Iliisha Bruhan akiwa bado ananyonya."

Rahmah alimtazama kama hakusikia.

"Iliisha bila mimi?"

"Kwa sheria, ndiyo mama. Huna eda ya kukaa."

"Kwa hiyo miaka yote hii sikuwa mke wa mtu."

"Ulikuwa mjane. Ulikuwa huru."

"Huru!" Rahmah akacheka kidogo, kicheko kikavu, na mkono wake ukaenda mdomoni. Pengine alimwona Habib na kanzu yake ya pasi. Pengine alimwona msichana wa Busiu anayekimbia kanga ikimfunguka, ambaye huzuni yake ilikuwa imepangiwa mwanzo na mwisho, na hakuna aliyemwambia. "Sheikh, mbona hata kulia kuna siku zake, na siku zangu wamezipitisha watu wengine?"

Yule kijana hakutafuta aya wala hadithi ya kumtuliza. Hilo watu wa Wanyange wanamsifia mpaka leo. Alikaa naye tu.

"Nisikae hata siku moja?" Rahmah akauliza.

"Si eda, mama. Sitakudanganya. Lakini nani atakukataza kukaa? Kaa, watu waje. Mimi nitawaambia waje."

Ijumaa walimswalia Magid. Hakukuwa na jeneza mbele ya safu, ilikuwa zulia tupu. Bruhan alisimama safu ya kwanza, na ilipofika kumwombea maiti mabega yake yalitikisika hivi kwamba jirani yake alimshika kiwiko. Milly alipiga simu kutoka Mbale, akasema wamemwandika Magid pamoja na waliouawa bila hatia, na kwamba Mzee Yekosofati ndiye aliyeomba iandikwe hivyo. Akasema pia kuhusu Mafabi bado hawajapata mtu anayejua. Rahmah alisema, "Mwambieni mzee kwamba Mafabi namwombea."

Aliketi chumba cha nyuma, mkekani, amevaa nyeupe. Wanawake wa ufukweni waliacha dagaa juani wakaja, mikono inanuka samaki, wengine hawajui vizuri wamekuja kwa msiba gani. Yule mwenye mzaha wa duka alikuwa wa kwanza kuingia. Alipiga magoti akamshika mkono.

"Pole, Mama Bruhan. Nimeambiwa kuna msiba. Nani amekufa?"

"Mume wangu."

Alimtazama Rahmah usoni, akaona si mzaha.

"Amekufa lini, dada?"

Rahmah alifungua mdomo ajibu, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Hayakuwa ya mama mtu mzima wa Wanyange anayejua kujizuia mbele za watu. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wajane siku ya kwanza, mpaka Bruhan akaja mlangoni. Yule mwanamke hakurudia swali lake. Alivua ndala, akaketi mkekani karibu naye, na wengine wakasogea kuwapa nafasi.